Kuku wa Kulalia

Mwaka ambao kideri kilipita kijijini, Bibi alibaki na kuku mmoja. Walikuwa 23. Kwa siku nane nyumba yetu ya Butiama ilikuwa na kazi moja tu: asubuhi kuokota waliokufa, jioni kuwatazama waliopinda shingo na kujua nani ataokotwa kesho. Aliyepona alikuwa kuku mdogo wa rangi ya udongo, asiye na lolote la kumsifia, na alipona kwa sababu hakuwepo. Alikuwa jikoni, kwenye kona nyuma ya mafiga, ndani ya karai bovu lililojazwa majani makavu, akiatamia. Wenzake walipokuwa wakiambukizana uwanjani, yeye alitoka mara moja tu kwa siku. Bibi alipoona wa kwanza kaanguka, hata safari hiyo akaifuta. Akamwekea maji na mtama palepale jikoni na kufunga mlango.

Sisemi kwamba kuatamia ni kinga. Ile ilikuwa bahati. Lakini kilichofuata hakikuwa bahati.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, naye alipoteza kuku wake. Wa kwake walikuwa chotara, wakubwa, wanaotaga karibu kila siku, na sisi wajukuu tulikuwa tukiwachungulia kwa wivu kupitia wavu wa banda. Ili aanze upya alihitaji simu, fedha na basi linalotoka Mwanza. Bibi alikuwa na vifaranga tisa waliototolewa jikoni katikati ya msiba. Walipojitegemea, yule mama akataga tena, ila jogoo alikuwa amekufa na mayai hayakuwa na mbegu. Bibi akayapika tukala. Akavuka barabara kwenda upande ambao ugonjwa haukufika, akarudi na mayai 13 ya kuazima kwa ahadi ya kulipa vifaranga. Akayaweka chini ya kuku yuleyule. Kufikia mvua za mwaka uliofuata, deni likiwa limelipwa na majogoo mawili yakiwa yameuzwa, uwanja ulikuwa na kuku 19.

Nilikuwa nasoma sekondari Musoma wakati huo, na nilidhani hiyo ni habari ya umaskini: mwalimu ana fedha, Bibi hana, basi. Nilichelewa kuelewa kwamba kuku wa mwalimu walikuwa wamepungukiwa kitu ambacho fedha yake ilikuwa ikikifidia. Hawakuwahi kuatamia. Waliacha yai popote, wakaondoka, kama mtu anayeshusha mzigo.

Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vya mifugo. Hakisemi kuku jike halafu kikaishia hapo. Kuna mtetea, anayeitwa hivyo kwa kelele anazopiga siku za kutaga. Kuna tembe, jike aliyekomaa. Na kuna koo, aliyekwisha kuzaa na kulea. Neno koo linamfaa hata mbuzi. Linataja kazi ya mama zaidi ya aina ya mnyama. Kuku wa mwalimu walizeeka wakiwa mitetea. Hakuna aliyefika kuwa koo.

Kwamba kuku anaweza kuwa kuku bila kuatamia ni jambo geni katika historia yake. Mababu zake ni kuku-mwitu wekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba mifupa ya zamani kabisa inayoaminika ya kuku wa kufugwa imetoka Thailand, yapata miaka 3,500 iliyopita. Kwetu walikuja kwa njia nyingi. Huko Unguja Ukuu, Zanzibar, mifupa yao imechimbwa katika tabaka za karne ya 7 na ya 8. Wasukuma wanamwita ngoko, Wahaya na Waganda enkoko, na Waswahili wakasema kuku. Wajaluo wa Rorya, wanaoishi bega kwa bega na watu wa Tarime, wanasema gweno. Kabla ya ramani kumpa mipaka ndege huyu alikuwa amekwisha pita.

Alipofika kando ya ziwa, alikuta utaratibu uliomchagua bila mtu kukusudia. Hebu fikiri: katika kijiji kisicho na mashine, jike asiyeatamia hana watoto, labda mayai yake yawekwe chini ya mwenzake. Kila kuku aliye hai ametotolewa na kuku aliyekubali kukaa siku 21 juu ya mayai. Mama yake vilevile, na bibi yake. Uvivu wa kuatamia ulikuwa ukijifuta wenyewe kila msimu. Tena sehemu nyingi za ukanda wa maziwa yai halikuwa chakula cha kila siku. Kwa Waganda na Waluhya, wanawake walikatazwa hata kula kuku, mwiko ambao leo tunaucheka na tunafanya vizuri kuucheka. Lakini mahali ambapo yai haliliwi ovyo, yai ni mbegu, na anayeitunza mbegu ndiye bora.

Sasa linganisha na Misri. Wamisri walikuwa na matanuri ya kutotolesha mayai zaidi ya miaka 2,000 iliyopita; Aristotle aliandika habari za mayai yao yaliyofukiwa kwenye samadi yakatotolewa kwa joto lake. Watunza matanuri walijua joto sahihi kwa kulibandika yai kwenye kope la jicho. Elimu hiyo iliwashangaza Wazungu kiasi kwamba mwaka 1749 Mfaransa Réaumur alichapisha kitabu kizima kuhusu namna ya kutotolesha bila kuku. Na kuku wa Misri, yule mwenye madoadoa aitwaye Fayoumi? Anajulikana kwa kuwa mzito wa kuatamia, hasa akiwa kijana. Siwezi kuthibitisha kwamba tanuri ndilo lililomharibu. Ila kama tanuri linafanya kazi ya mama kwa karne ishirini, sioni nini kingemfanya mama aendelee kuijua.

Ulaya na Marekani zilifanya kwa makusudi kile ambacho huenda Misri ilikifanya bila kukusudia. Miaka ya 1840 kuku wakubwa wa Kichina waliingia Uingereza, wakamfikia hata Malkia Victoria, yule ambaye jina lake lilikuja kubandikwa kwenye ziwa letu mwaka 1858. Kuku hao, Cochin, wana manyoya hadi vidoleni na wanaatamia kwa ukaidi. Wakiona jiwe la duara wanalilalia. Uingereza nzima ilishikwa na wazimu wa kuku. Wazimu ulipopoa, hesabu ikaingia. Kuku anayeatamia hatagi. Kwa wiki tatu za kulalia na wiki nyingine nane au zaidi za kulea, mwenye soko la mayai anaona hasara inayokula pumba. Mwaka 1879 mjini Petaluma, California, Lyman Byce na Isaac Dias walitengeneza mashine ya kutotolesha iliyofanya kazi kibiashara, na mji ule ukajaa Leghorn weupe, uzao wa kuku wa Italia, ambao karibu hawaatamii kabisa. Mashine na kuku yule walihitajiana.

Kisha wakaja watafiti. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika kituo cha kilimo cha Massachusetts, walichukua kuku wekundu wa Rhode Island, waliokuwa waatamiaji wazuri tu, wakawa wanawaondoa kizazi baada ya kizazi majike waliopenda kulalia. Tabia ikapungua. Ikathibitika kwamba inarithiwa, na kwamba jogoo, ambaye maisha yake yote hajakaa juu ya yai hata moja, anaweza kuiondoa kwa binti zake. Mwaka 1935 Oscar Riddle na wenzake wakaonyesha kwamba homoni ya prolaktini, ileile inayohusika na maziwa ya mama kwa binadamu, ikidungwa kwa kuku humfanya aatamie. Kwa hiyo lile joto la kifua, yale manyoya yanayonyofoka tumboni ili ngozi iguse mayai, ule mlio mzito na macho makali ukimkaribia, vyote vilipata jina la maabara.

Mwaka 1922, Julius Nyerere anazaliwa Butiama. Mwaka huohuo Australia lilianza shindano ambalo kuku sita weusi walitaga mayai 1,857 katika siku 365. Ni wastani wa 309 na zaidi kwa kila mmoja. Kuku hao waliitwa Australorp, wametokana na Orpington wa Uingereza, ambaye ni mama mwema sana. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa kujifurahisha tu, hayahusiani. Isipokuwa kwamba, baadaye, watoto wa kuku wale walifika kwetu.

Walifika kama majogoo. Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo watu wa rika langu hatuijui, kwa sababu haikuacha majengo. Kuanzia enzi za ukoloni hadi baada ya uhuru, wataalamu wa mifugo katika Afrika Mashariki walipeleka vijijini majogoo ya Rhode Island Red, Light Sussex na Australorp, wakashauri ya kienyeji yachinjwe au yauzwe. Malawi iliusukuma mpango wa Australorp kwa miongo mingi. Hoja ilikuwa safi: huna haja ya kubadilisha kuku wote, badilisha baba, na vifaranga watakuwa wakubwa, watataga zaidi. Ikawa hivyo. Kitu ambacho hoja haikukitaja ni kile ambacho Massachusetts walikuwa wamekwisha kukithibitisha. Binti wa jogoo bora alirithi mayai mengi kutoka upande wa baba, na kutoka upande huohuo akarithi kutotulia. Anaanza kuatamia, siku ya tisa anaondoka. Kila mfugaji mzee niliyewahi kukaa naye, kutoka Bunda mpaka Makutano, analo jina la kejeli kwa kuku wa namna hiyo, na mengi hayachapishiki.

Mara ni nchi ya ng'ombe. Mahari ni ng'ombe, heshima ni ng'ombe, ugomvi ni ng'ombe. Kuku ni mali ya akina mama na watoto, na mali ya namna hiyo haiwekewi kumbukumbu. Ndiyo maana hasara ya koo mmoja kupotea katika uzao haikuandikwa popote. Nani angeiandika?

Azimio la Arusha la 1967 lilituletea neno kujitegemea, na shule zikaanza mashamba na mabanda ya kuku. Miaka ya 1970 serikali iliunda kampuni ya taifa ya kuku, NAPOCO, ili nchi ipate vifaranga wa kisasa. Nasoma mambo haya mawili yakiwa ukurasa mmoja na siachi kutabasamu kidogo. Kijiji kinaambiwa kijitegemee, kisha kinapewa ndege ambaye, kwa maumbile aliyotengenezewa, hawezi kuzaliana bila kiwanda kilicho Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Musoma. Sidhani kama kuna aliyedhamiria ubaya. Watu walihitaji mayai, na kuku wa kienyeji anayejitafutia anataga mayai 40 hivi kwa mwaka, katika awamu tatu hivi, kila awamu mayai 12 au 15. Kwa mama mwenye watoto sita hiyo ni hesabu ya huzuni. Kampuni yenyewe haikudumu. Ilikufa kama mashirika mengi ya umma ya wakati ule. Vijijini waliobaki wakitotolesha ni wale waliokuwa wakitotolesha tangu awali.

Wimbi la sasa ni kubwa zaidi na, niseme wazi, ni bora zaidi. Kuroiler alizalishwa India na kampuni ya Vinod Kapur mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya uwanja wa kijijini hasa, ajitafutie chakula na bado anenepe. Sasso ni wa Ufaransa. Aina zote mbili zilijaribiwa nchini katika mradi wa kimataifa uliohusisha Ethiopia, Nigeria na Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 2010, na leo vifaranga wao wanauzwa mpaka vijijini. Ukikaa stendi ya Bunda asubuhi utawasikia kabla ya kuwaona: sanduku la karatasi ngumu lenye matundu, vifaranga 100 ndani, linateremshwa kutoka kwenye basi la Mwanza. Kifaranga wa siku moja anaweza kusafiri hivyo bila kula wala kunywa kwa siku mbili au tatu, kwa sababu kabla ya kutoka kwenye ganda amekwisha kukivuta kiini cha yai tumboni mwake. Maumbile yalimpa akiba hiyo ili amsubiri ndugu yake wa mwisho atoke, mama asilazimike kuondoka kiotani mapema. Biashara nzima ya vifaranga duniani inasafiri juu ya akiba ile.

Asiye na mama ana nyaraka. Mwishoni mwa Oktoba 2017, huko Namanga, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali waliteketezwa kwa moto, kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Picha zilisambaa, Wakenya wakakasirika, sisi tukagawanyika. Mkoa wetu nao una mpaka, Sirari, na nilipoziona zile picha nilifikiria jambo dogo ambalo halikuwa kwenye mjadala: kifaranga aliyetotolewa chini ya mafiga haombwi kibali.

Kuroiler na Sasso hawaatamii, au wanaatamia kwa nadra mno kiasi cha kutokutegemewa. Na hata mayai yao ukiyatotolesha, kizazi cha pili hakifanani na wazazi. Wengine wakubwa, wengine wadogo, sifa zinatawanyika kama inavyokuwa kwa chotara yeyote. Muuzaji mwaminifu atakwambia. Atakwambia pia urudi kwake.

Kwa hiyo swali la kuchagua kuku wa kulalia, ambalo nililidhani ni la wazee, limerudi kwa vijana wenzangu wanaoanza ufugaji na mikopo ya vikundi. Vitabu vya ugani vinataja aina zetu za asili, ambazo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walizichambua kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000: Ching'wekwe mdogo wa upande wa Morogoro, Singamagazi wa Tabora, wale wa Mbeya, Unguja na Pemba, na Kuchi, mrefu, mgomvi, anayepatikana sana Kanda ya Ziwa. Vinasaba vya Kuchi vinaonyesha udugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani, jambo ambalo halimshangazi yeyote aliyewahi kumfungulia mlango asubuhi.

Bibi hakuwahi kusikia majina hayo, isipokuwa Kuchi, ambaye kwake ni wa kuuzwa Krismasi. "Huyo akikanyaga yai, ndiyo chai yako," alisema. Yeye anataka kuku wa umbo la kati au dogo, mwenye manyoya mengi kifuani, kwa hiyo kishingo hamtaki ingawa wapo wanaomsifu. Anataka aliyekwisha kulea mara moja na kufikisha angalau nusu ya vifaranga wake mbele ya mwewe na kicheche. Anamtazama akiwa na watoto kabla ya kumtazama akiwa na mayai. Mayai yasizidi 13, yale anayoweza kuyafunika bila kutanua bawa. Na anampima: kuku akianza kung'ang'ania kiota, anampa yai moja viza na kumwacha. Akilikaa usiku tatu bila kuhama, ndipo anapewa mayai ya kweli, jioni, giza likiwa limeingia.

Mbinu hiyo ya yai moja niliikuta baadaye katika kijitabu cha wafugaji, ikiwa imeboreshwa. Unawashikilia majike matatu au manne kwa yai moja moja mpaka wote wawe tayari, unawapa mayai siku moja, wanatotoa siku moja, unawakabidhi vifaranga wote kwa koo mmoja au wawili, na waliobaki wanarudi kutaga. Ukiongeza chanjo ya I-2 ya kideri, ile tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, ambayo asili yake ni Australia na inatengenezwa hapa nchini, na inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani, basi kuku wa kienyeji anaacha kuwa yule wa hesabu ya huzuni. Nilipomsomea Bibi aliuliza chanjo inauzwa wapi. Kuhusu yai moja hakusema kitu.

Mwalimu mstaafu alinunua mashine ya kutotolesha, ya mayai 60. Umeme ulikatika usiku wa siku ya 18 na haukurudi mpaka mchana. Baada ya hapo alikuja kwetu, akamwamkia Bibi, akakaa muda mrefu akizungumzia mvua, kisha akatoa kwenye mfuko mayai 12 ya Kuroiler yaliyofungwa kwa gazeti. Walikubaliana nusu kwa nusu. Kuku mdogo wa rangi ya udongo, sasa mzee, akapandishwa juu ya mayai ambayo hayakumtosha vizuri, akayageuza kwa mdomo, akatulia. Alitoa vifaranga 10. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wamempita kimo, na bado aliwaita kwa mlio uleule wakaja mbio kuingia chini ya mbawa zake, wakambeba juu juu.

Watano ni wetu. Jike mmoja kati yao, mweusi wa kifua chekundu, alianza kutaga mwezi Januari. Wiki iliyopita Bibi alinipigia simu Musoma, baada ya shikamoo na habari za ukoo akanieleza kwamba jike yule hakutoka kiotani jioni, na alipoingiza mkono akadonolewa. Nikamwambia Bibi, wale hawaatamii, imeandikwa. Akasema amesikia. Amempa yai moja viza, na leo ni usiku wa pili.